Kumalizia maombi na "kama ni mapenzi yako", hiyo ni kukosa imani?

binti_wa_umoja

Hamjambo wapendwa. Nisaidieni na hii kitu maana nimeshindwa kulala nayo, na wale wa kuja kutusi Wakristo tafadhali leo mtupite tu.

Iko hivi. Dada mdogo wa mamangu, sisi humwita Anti, ako na kansa ya umio, ile inakaa huku chini ya koo mpaka chakula inakataa kupita, na amekuwa akitibiwa hapa Nairobi tangu mwaka jana na mimi ndio humpeleka kliniki. Kuna kikundi cha maombi hapa kwa estate, watu wa makanisa tofauti tofauti, tunakutana Jumatano jioni watu wakitoka kazi. Siwezi danganya, hao watu wamemsimamia. Wamechanga, wamekesha na yeye, kuna mama mmoja humletea uji ya wimbi kwa themosi. Sasa juzi tukiwa kwake nikaambiwa mimi ndio nifunge na maombi. Nikaomba vile nilifunzwa tangu sande skuli, Bwana mponye Anti, ondoa huu ugonjwa, lakini si mapenzi yetu ila yako yatimizwe, amina. Wueh. Hakuna aliyeitikia amina. Kiongozi wetu akaanza maombi upya, na akaanza kwa kufuta maneno yangu, "tunabatilisha kila neno la shaka lililotamkwa ndani ya nyumba hii", na mimi nimesimama hapo hapo!

Tukitoka kwa geti akanieleza, na kwa upole kabisa sitasema alinikosea heshima, kwamba "kama ni mapenzi yako" ni maombi ya mtu ambaye hajui Neno. Ati mapenzi ya Mungu yalishaandikwa, Isaya 53, kwa kupigwa kwake sisi tumepona, kwa hivyo ukitia "kama" hapo umemfungulia adui mlango.

Hiyo mimi ningemeza tu niendelee. Shida ni Anti ameyashika haya mafundisho mzima mzima. Siku hizi hasemi ako na kansa, anasema "dalili za uongo". Kliniki iliyopita daktari amemwuliza kama anasikia uchungu akajibu ako sawa kabisa, asante Yesu, na usiku wa kuamkia hiyo siku mimi ndio nilikuwa nimelala kwake, nikamsikia akiuma shuka ili asinisumbue. Tukiwa kwa matatu nikamwuliza Anti mbona hukusema? Akaniambia, "nikisema nitakuwa nimekiri." Yaani ati ukiutaja ugonjwa kwa mdomo umeukubali uwe wako.

Kwa hivyo nauliza, hayo mafundisho ni ya Biblia kweli? Maombi ya mtu ameokoka yako na mipaka ama hayana? Na kama Mungu atafanya tu vile alikuwa amepanga, sisi hukesha kufanya nini?

---

Imani_Kasarani

Pole sana dadangu, Bwana amguse Anti. Najua hapa nitapigwa mawe lakini mimi niko na huyo kiongozi wako, na nitakuonyesha kwa maandiko sio kwa hisia.

Soma Mathayo 8. Mwenye ukoma anakuja na maombi kama yako kabisa, "Bwana, ukitaka, waweza kunitakasa." Ako na uhakika Yesu anaweza, hana uhakika kama anataka. Yesu anajibu aje? "Nataka, takasika." Hiyo "ukitaka" iliondolewa hapo hapo siku hiyo, sasa sisi kila Jumatano tunairudisha ya nini? Nionyesheni mgonjwa mmoja tu, mmoja, alikuja kwa Yesu akaambiwa pole, mapenzi ya Baba ni uendelee kuugua. Hakuna. Na Marko 11:24 haina kiambatisho, "Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu." Yakobo 1 naye anasema aombe pasipo shaka yo yote.

Najua mtakimbilia Gethsemane, pale Yesu aliomba "si mapenzi yangu, bali yako" kabla akamatwe. Gethsemane Yesu hakuwa anaomba uponyaji, alikuwa anajitoa, hayo ni maombi ya aina ingine. Unaweza kuomba hivyo ukitaka kujua uolewe na nani ama uhamie Nakuru. Lakini kitu Mungu ameshaahidi unaomba ukidai, huombi ukibahatisha.

Na mipaka iko, nakubali, lakini iko upande wetu. Marko 6, kule Nazareti kwao hakuweza kufanya muujiza ila wachache, kwa sababu ya kutokuamini kwao.

---

mzee_wa_Dagoretti

Binti, salamu kwako na kwa Anti. Mimi ni mzee wa kanisa, PCEA, kanisa la Presbyterian, na kutembelea wagonjwa ndiyo kazi yangu kubwa siku hizi tangu nistaafu. Imani_Kasarani ameongea vizuri kuhusu yule mwenye ukoma, hilo andiko lina uzito na sitalizunguka. Ni kweli Yesu hakumrudisha mgonjwa yeyote aliyemjia. Mtu akiwaambia wagonjwa kwamba Mungu anapenda wateseke, huyo naye amekosea.

Lakini tazameni mitume baada ya hapo. Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona, anaandika 2 Timotheo 4:20, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Alimwacha mgonjwa. Timotheo mwenyewe alikuwa na shida ya tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo hamwambii akemee, anamwambia atumie mvinyo kidogo. Ule mwiba wake, shida ya mwilini aliyotaka iondolewe, Paulo alimsihi Bwana mara tatu, akajibiwa "Neema yangu yakutosha." Sasa nani atasema Paulo alikosa imani?

Halafu kuna Matendo 12, sura ambayo huwa sichoki nayo. Herode anamwua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga. Anamkamata Petro pia, kanisa linaomba kwa juhudi, malaika anamtoa gerezani. Kanisa ni lile lile na Mungu ni yule yule, lakini mmoja amezikwa na mwingine anatembea barabarani usiku. Luka haelezi kwa nini. Angetaka kutuambia Yakobo aliombewa kwa shaka angeandika, na hakuandika. Na sikilizeni kile kinafuata: Petro anabisha mlango nyumbani kwa Mariamu mama yake Yohana Marko, wale waombaji wako ndani, msichana Roda anakuja mbio kuwaambia Petro yuko nje, nao wanamwambia "Una wazimu." Watu wanaomba Petro atoke, Petro anatoka, wanakataa! Hao ndio walijibiwa. Kama Mungu angekuwa anapima imani ya waombaji kabla hajafungua gereza, Petro angekufa ndani.

Na huyo Yakobo wa waraka tusimsome nusu. Ndiye anasema kuomba kwa imani kutamwokoa mgonjwa, na ndiye sura ya nne anatufundisha kusema "Bwana akipenda, tutakuwa hai." Hakuona ugomvi kati ya hayo mawili.

Sasa hii ya kukiri. Wanaofundisha hivyo hupenda Warumi 4:17, Mungu huyataja yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Hapo ni Mungu anataja, si mimi. Na wakisoma wasiishie hapo, waende hadi mstari wa 19, kuhusu Ibrahimu: hakuwa dhaifu wa imani, na alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kuwa kama uliokufa. Aliuangalia mwili, akauona uko vile uko, akaamini. Hakumwambia Sara kwamba uzee ni dalili za uongo. Msomee Anti huo mstari polepole, wewe na yeye tu, kikundi kikiwa hakipo.

---

nasi_wa_wadi

Mimi sio mtu wa theolojia sana, mimi ni nasi, muuguzi, nafanya wadi ya kansa hapa jijini, hospitali siitaji. Nimeokoka pia kama mtauliza.

Dada soma hii kwa makini. Uchungu hauonekani kwa eksirei. Daktari hana mashine ya kuupima, ako na mdomo wa mgonjwa peke yake, ndio maana tunauliza kutoka sifuri mpaka kumi uko ngapi. Akisema sifuri tunaandika sifuri, na anaenda nyumbani bila dawa ama na panadol. Kansa ya umio ni uchungu mkubwa na kuna dawa yake, kuna mofini ya kunywa, ni maji tu, hata mtu wa kumeza kwa shida huweza kuinywa, na dozi inapandishwa pole pole kulingana na vile mgonjwa anasema. Kama hata uji imeanza kukwama mwambie daktari pia, kuna kibomba kidogo huwekwa ndani ya umio kikafungua njia na mtu akaanza kula tena. Yote inategemea aseme.

Wagonjwa wa "niko sawa kwa jina la Yesu" tunao kila wiki. Na unajua nani huumia? Wale wa nyumbani, maana usiku ndio ukweli hutoka. Kuna mmoja alikuwa ananinong'oneza uchungu wake pasta akishatoka kwa mlango, pasta akiwa ndani ni tabasamu na haleluya. Mimi huwa nawaambia kwa Kiswahili rahisi, Bartimayo aliulizwa na Yesu mwenyewe "wataka nikufanyie nini?" akajibu anataka kuona. Kwani hapo alikiri upofu?

---

Tomaso_254

Najua tumeambiwa tupite lakini sitatusi mtu. Hii swali ilishawahi pimwa. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2006, uliongozwa na daktari Herbert Benson, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo kwa hospitali sita. Wakagawanywa vikundi vitatu. Wa kwanza waliombewa na hawakujua kama wanaombewa, wa pili hawakuombewa na pia hawakujua, wa tatu waliombewa na wakaambiwa kabisa mnaombewa. Matokeo: kati ya wa kwanza na wa pili hakuna tofauti ya maana. Wale walijua wanaombewa ndio walipata matatizo zaidi baada ya upasuaji, asilimia 59. Wengine walikuwa karibu 51, 52.

Sisemi msiombe. Nasema tu kama maombi yangekuwa dawa yangeonekana hapo, na hii stori ya "uliomba vibaya" ni njia ya kuhakikisha maombi hayawezi pata makosa, mgonjwa tu ndio anapata.

---

Mkatoliki_SouthB

@Tomaso_254 huo utafiti naujua na uko na tundu kubwa. Hao waliowekwa kwa kikundi cha "hawakuombewa", nani aliwazuia mama zao kuomba? Mtu anaenda kupasuliwa moyo Marekani, kanisa lake lote linajua, shangazi anapiga rozari, halafu unaandika kwa karatasi huyu hajaombewa. Walichopima ni maombi ya wageni waliopewa jina la kwanza na herufi moja. Na Mungu si dawa ya maabara umpe huyu umnyime yule uone, hiyo ndio imeandikwa usimjaribu Bwana Mungu wako.

Lakini sentensi yako ya mwisho nakupa mia kwa mia. Mgonjwa ndio anapata makosa. Hapo umesema ukweli hata kama huamini.

Binti, kwetu padri huja na mafuta ya Mpako wa Wagonjwa. Zamani wazee walikuwa wanaiogopa, wakiona padri na mafuta wanajua ndio mwisho, lakini tangu Mtaguso wa pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya sitini, inasisitizwa ni ya mtu yeyote mwenye ugonjwa mzito, si ya anayekata roho peke yake. Na sala yenyewe inaomba vyote viwili, mwili upone na roho iimarishwe. Hakuna anayeulizwa imani yako ni kilo ngapi.

---

Rongai_Finest

Wacha niseme kile watu wanaogopa kusema. Haya mambo ya "usikiri" ndio huanza pole pole hivi. Tumesahau Shakahola? Aprili 2023 watu wakaanza kufukuliwa kule msituni Kilifi, miili ikapita mia nne, watoto ndani, walifunga kula mpaka kufa wakijua wanaenda kukutana na Yesu. Kesi ya mhubiri wao iko kortini na anakanusha sawa, korti iamue. Lakini wale watu waliamini kuliko sisi wote hapa. Imani haikuwa shida yao, hata ilikuwa nyingi.

Na hii nchi tunapenda maombi ya kusahau kazi. 14 Februari 2023 tulijaza uwanja wa Nyayo tukiomba mvua juu ya ukame, rais akiongoza, sawa, mvua ikanyesha. 2024 ikanyesha ingine ikabeba watu Mathare. Tuliomba mvua tukasahau kuomba mitaro.

---

Imani_Kasarani

@Rongai_Finest hapo umevuka. Kutuweka sisi na Shakahola kwa gunia moja sio haki. Hakuna mtu kwa huu mjadala amesema Anti aache kula ama aache hospitali, na binti mwenyewe amesema hicho kikundi kinamletea uji. Hao wanapika, wanachanga, wanakesha, na watu wengi wa "kama ni mapenzi yako" huwa hawaji hata kuona mgonjwa, wanatuma emoji ya mikono kwa grupu wakalala. Hilo mbona hamlisemi? Mtu anayeamini Mungu ataponya ataenda kukesha. Mtu ameshaamua Mungu atafanya vile anataka, ataenda kutafuta nini huko saa nane usiku?

@mzee_wa_Dagoretti heshima yako mzee. Matendo 12 nitaenda kuisoma tena. Lakini Trofimo sikubali, haijaandikwa kwamba hakupona baadaye.

@nasi_wa_wadi kwa ile ya kumficha daktari uchungu niko na wewe. Kukiri ni kwa Mungu na kwa adui, daktari ni mtu wa kusaidia. Mimi hufundisha seli yetu, kile kikundi kidogo cha kanisa, hivyo, mweleze daktari kila kitu kisha utoke nje ukiri Neno.

---

mzee_wa_Dagoretti

Haijaandikwa pia kwamba alipona. Tumwache Mileto.

Lakini umeuliza swali zuri, la mtu wa mapenzi ya Mungu atakesha kutafuta nini, na ndilo swali la tatu la binti ambalo tumelipita. Hata katekisimu yetu inasema kuomba ni kupeleka haja zetu kwa Mungu kwa mambo yanayokubaliana na mapenzi yake, na vijana huniuliza basi tunaomba ya nini kama ameshaamua. Mimi huwapeleka kwa mfalme Hezekia, alipokuwa mgonjwa. 2 Wafalme 20, nabii Isaya anamwambia tengeneza mambo ya nyumba yako, utakufa. Neno la Bwana hilo, si la daktari. Hezekia anageukia ukuta, analia, anaomba. Isaya hajatoka hata mji wa katikati, anarudishwa na habari ya miaka kumi na mitano zaidi. Kwa hivyo usiniambie maombi hayabadilishi kitu. Halafu katika sura hiyo hiyo, baada ya ahadi kutolewa, Isaya anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Mungu ameshasema utapona na bado dawa inapakwa, na Hezekia hakukataa zile tini akisema ni shaka.

Na mfalme Daudi vilevile. Nabii Nathani alishamwambia mtoto wake atakufa, na bado alifunga siku saba akilala chini, kwa sababu alisema ni nani ajuaye kwamba Bwana hatanihurumia. Mtoto akafa. Watumishi wakaogopa kumwambia. Akaoga, akabadilisha nguo, akaenda kuabudu, akala. Daudi hakuwa na hakika hata kidogo, na hakuna siku aliomba kwa nguvu kuliko hiyo. Kwa hivyo hiyo habari kwamba mtu wa "kama" haombi kwa bidii, kijana wangu, wale wanaotuma emoji ni wavivu tu. Usiwape theolojia.

---

Rongai_Finest

😂😂 "usiwape theolojia". Mzee umemaliza.

---

binti_wa_umoja

Asanteni nyote hata Tomaso. Jana sikwenda kazini nikaenda kwa Anti mchana wakati kikundi hakiko. Nilisoma Warumi 4 yote, sikumwambia nimeitoa wapi. Kufika kwa ule mstari wa mwili wa Ibrahimu akaniambia rudia. Nikarudia. Hakusema kitu, akaniuliza tu kama kuna maji ya moto. Baadaye nikamwuliza vile nasi wa wadi alisema, Anti uchungu kutoka sifuri mpaka kumi? Akafikiria weee, akasema "hiyo swali ni ya daktari", nikadhani ndio basi amekataa. Kisha akainua vidole vinane.

Kliniki ni Jumanne. Naogopa akifika pale arudie ile ya niko sawa, na naogopa nikimsemea ataona nimemuaibisha. Na kiongozi wetu anataka kutusindikiza.

---

nasi_wa_wadi

Vinane ni nyingi mno, usingoje Jumanne kama kuna simu ya kliniki piga kesho asubuhi. Kama ako karibu na hospitali ya Kenyatta pia kuna Nairobi Hospice pale, kazi yao ni hiyo ya uchungu.

Chukua karatasi. Kila asubuhi na jioni mwambie ainue vidole, wewe unaandika nambari na saa, na pia kile amekula na kile kimekwama. Siku ya kliniki unampa daktari karatasi, yeye Anti hahitaji kusema neno hata moja. Kiongozi aje, mwache abaki kwa benchi hapo nje aombe, chumba cha daktari mnaingia wawili. Wakimwanzishia mofini uliza na dawa ya choo hapo hapo maana mofini hufunga tumbo vibaya sana, na watu huacha dawa kwa sababu hiyo.

---

Imani_Kasarani

Dada kliniki ni Jumanne saa ngapi? Seli yetu tutafunga hiyo siku. Na tutaomba bila "kama", mzee anisamehe.

---

mzee_wa_Dagoretti

Ombeni. Mimi nitaomba na "kama", saa hiyo hiyo.